Mchovu wa Mia Tatu

Mwanamkasi Boga alistaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, saa nane mchana, baada ya miaka ishirini na tisa ya kupanga magari kwenye feri ya Likoni. Tarehe hiyo imo kwenye cheti chake. Cheti kimetiwa fremu ya kioo na kutundikwa katika chumba cha pili cha nyumba yake, juu ya wapanda farasi mia nne wa Napoleon.

Wapanda farasi hao ni wa plastiki, na kila mmoja ana kimo cha pingili mbili za kidole, farasi akihesabiwa. Wana wenzao. Chumba kile kimebeba jeshi la Wafaransa na jeshi la Warusi, jumla askari elfu mbili na mia nne, pamoja na mizinga, mikokoteni ya mikate, vilima vinne vilivyochongwa kwa sponji ya godoro, mto uliopakwa rangi juu ya ubao uliokatwa vipande vinane, na madaraja mawili. Mwaka wa kwanza kitanda kilitolewa. Mwaka wa pili likatoka kabati. Mwaka wa tatu mlango wenyewe ulifunguka nusu tu, na tangu hapo Mwanamkasi huingia kwa ubavu kufuta vumbi la cheti chake, bila kugusa kitu kingine.

Jeshi hilo si la wizi wala la urithi. Mwaka 2017 mume wake, Najib, fundi wa kuandika majina kwenye mashua na malori, aliungana na rafiki yake Gershom Kadenge, mwalimu mstaafu wa historia anayekaa Changamwe, wakanunua kwenye mnada wa mizigo iliyokosa mwenyewe bandarini maboksi kumi na saba ambayo hayakuwa yamefunguliwa. Uzito wake uliwafanya waamini kwamba ni mifereji ya bafu. Walipoyapasua wakakuta Novemba ya mwaka 1812.

Mwalimu Kadenge alilia kwa furaha. Najib alilia kidogo pia, kwa sababu nyingine, lakini alipoona kwamba askari wote walikuwa bado weupe, hawajapakwa rangi, akanyamaza na kwenda kutafuta brashi yake ndogo kuliko zote.

Yaliyokuwa ndani ya maboksi yalikuwa vita vimoja tu, navyo ni vya Mto Berezina. Mwalimu huvieleza hivi, akiwa amesimama, hata kama msikilizaji ni mmoja. Jeshi la Napoleon lilikuwa likirudi kutoka Moscow kwa njaa na baridi. Mbele yake mto, na Warusi ng'ambo zote mbili. Wahandisi wakaingia katika maji ya barafu hadi vifuani, wakajenga madaraja mawili ya mbao. Wapiganaji wakaanza kuvuka. Nyuma yao walikuwako maelfu ya watu waliochoka: majeruhi, wapishi, wanawake waliofuata jeshi, askari waliokwisha kutupa bunduki zao. Usiku madaraja yalikuwa matupu, lakini watu hao hawakuvuka, walikaa kuota moto. Asubuhi mizinga ilipoanza kunguruma wote wakakimbilia madaraja kwa pamoja, wakakanyagana. Mwishowe Wafaransa wakayachoma madaraja ili Warusi wasiwafuate, na wengi wakabaki ng'ambo.

Katika mchezo, watu hao huitwa wachovu. Wako mia tatu. Kwa pointi, thamani yao ni sufuri.

Kila Jumamosi ya mwisho ya Novemba, Najib na Mwalimu hupigana upya vita hivyo, Najib akiwa Wafaransa na Mwalimu akiwa Warusi. Waliamua kwa kurusha sarafu mwaka wa kwanza, na Mwalimu akakataa kubadilishana baadaye kwa hoja kwamba wataichanganya historia. Waliweka sharti moja tu la nje ya meza: anayeshindwa hulilaza jeshi zima nyumbani kwake mpaka Novemba nyingine. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepigana mara sita. Najib alikuwa ameshindwa mara sita.

Mwanamkasi angeweza kuyatupa maboksi. Jirani zake wamemwambia hivyo zaidi ya mara moja. Lakini ameishi na mume huyo miaka thelathini na minne, na anajua ni mambo gani mwanamume hunung'unika kisha akasahau, na ni mambo gani hasahau. Alinyamaza. Alinyamaza hadi Septemba, pale binti yao Jalila, aliyeolewa Utange, alipopiga simu kusema kwamba ana mimba ya miezi sita.

Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Hilo halikuhitaji kujadiliwa na mtu yeyote. Jalila angekuja Likoni Desemba, angejifungua, na angekaa siku arobaini akikandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga na mama yake mzazi, nyumbani kwa mama yake mzazi, kama Mwanamkasi alivyofanyiwa na mama yake. Nyumba ina sebule na vyumba viwili. Chumba kimoja ni cha wazee. Cha pili kimeshikwa na Napoleon.

"Nitashinda mwaka huu," Najib alisema.

"Mwaka jana ulisemaje?"

"Mwaka jana nilisema inshallah. Mwaka huu nina mpango."

Mpango wenyewe Mwanamkasi aliuona Oktoba, alipopita mlangoni na chombo cha maji. Najib alikuwa ameunga vipande viwili vya mto sakafuni na kuweka daraja moja, akijaribu. Juu ya daraja walisimama askari wa miguu, mzinga, mkokoteni wa mikate, na wachovu wasiopungua arobaini, bega kwa bega, wengine wameelemea majini. Najib alikuwa amepiga magoti akiwatazama kwa huzuni.

Mwanamkasi aliweka chombo chini.

"Baba Jalila, hawa ni nani?"

"Wachovu."

"Na hili gari?"

"La mikate."

"Umepakia gari na watu wa miguu kwa wakati mmoja?"

"Mama Jalila, hii si feri. Huu ni mto wa Urusi."

"Nimekuuliza umewapakia pamoja au hukuwapakia pamoja?"

Najib alikubali kwamba amewapakia pamoja. Akaeleza kwamba kosa si lake. Kanuni zinasema kuanzia zamu ya tisa wachovu husikia mizinga, na dadu ndiyo inayowakimbiza kuelekea darajani. Wakishaingia, hakuna kikosi kinachopita.

"Miaka sita hii," mke wake alisema, "umeshindwa na Warusi au umeshindwa na foleni?"

Najib ni mtu mkweli. "Foleni," alisema.

"Basi mwaka huu nitakwenda mimi."

Habari ilimfikia Mwalimu Kadenge kwa simu, naye akaipokea kwa utulivu wa mtu aliyeshinda mara sita. Aliuliza swali moja: shemeji anajua nini kuhusu Napoleon? Najib akajibu kwamba hajui kitu, wallahi. "Basi hakuna neno," alisema Mwalimu, na akamwambia mke wake aandike jina jipya kwenye karatasi.

Vita hupiganiwa katika darasa la chekechea, Changamwe, hatua chache kutoka nyumba ya Mwalimu. Mke wake, Velma, ndiye mwalimu mkuu wa shule hiyo, na hutoa darasa kwa sharti kwamba damu isichorwe ukutani. Meza za watoto huunganishwa, ubao wa mto ukawekwa juu yake, na shuka jeupe likatandikwa kuwa theluji. Majenerali hukaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Mwamuzi ni Bwana Abdulghani wa Kisauni, karani mstaafu wa mahakama, ambaye huja na kitabu cha kanuni ndani ya mfuko wa nailoni na kengele ya shaba ya kumaliza zamu. Alichaguliwa kwa sababu hapendelei upande wowote. Ukweli ni kwamba hata mchezo wenyewe haupendi. Anapenda samaki wa kupaka wa Velma.

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba mvua za vuli zilikuwa zimenyesha wiki nzima, na darasa lilikuwa na joto la jiko lililofunikwa. Mwanamkasi alifika amevaa buibui, na juu ya buibui kizibao chake cha kazi cha kung'aa. Filimbi ilikuwa shingoni.

"Mama Jalila," alisema Bwana Abdulghani, "kanuni hazisemi chochote kuhusu filimbi."

"Haziikatazi?"

Alifungua kitabu. Akafunga. "Haziikatazi."

Kabla ya zamu ya kwanza alifanya jambo ambalo Najib hakuwahi kulifanya. Aliwahesabu wachovu, mmoja mmoja, huku akichora mistari ya chaki ubaoni chini ya herufi za watoto, a, e, i, o, u. Alipofika mwisho alimgeukia mwamuzi. "Nimepokea mia tatu," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kupokea zamu ya asubuhi gatini. Aliviona vidole vyake vinanata. Najib alieleza kwamba amewapaka wachovu vanishi upya siku ya Alhamisi ili wapendeze, na kwa unyevu huu haijakauka.

"Watu wamechoka, wana njaa, wewe unawapaka vanishi," alisema Mwalimu.

"Wafe wakimeremeta," alisema Najib.

Zamu saba za kwanza hazikuwa na ajabu. Mwanamkasi alijenga madaraja yake, akayaangalia, akasogeza moja kushoto kwa upana wa kidole, akapitisha vikosi vichache. Mwalimu aliteremsha Makozaki wake, wapanda farasi wenye mikuki, kutoka kilima cha sponji, akirusha dadu na kuimba kwa sauti ya chini. Saa saba kasoro dakika chache Bwana Abdulghani alipiga kengele na kutangaza zamu ya nane.

Zamu ya nane ni usiku. Kwa miaka sita usiku wa Berezina umekuwa ukiingia saa saba mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu ndio wakati wa swala ya adhuhuri na wa chakula. Kanuni zinaruhusu kusogeza watu usiku kadiri mtu apendavyo, wawili wawili, ila hakuna kufyatua risasi. Hakuna aliyewahi kusogeza mtu. Wote huenda kunawa mikono.

"Haya, usiku umeingia," alisema Najib akiinuka. "Twende."

"Nendeni," alisema Mwanamkasi. "Mimi nitaswali mkirudi. Madaraja yako wazi?"

"Yako wazi."

"Na hawa wamekaa tu hapa?"

"Wanaota moto, shemeji," alisema Mwalimu mlangoni. "Ndivyo ilivyokuwa."

Wanaume walipotoka, Mwanamkasi alipuliza filimbi. Velma, aliyekuwa jikoni, anasema aliruka, akafikiri watoto wamerudi. Halafu Mwanamkasi akaanza. Majeruhi wenye magongo kwanza, kwa daraja la kulia. Wanawake wenye vikapu baada yao. Mkokoteni wowote ukae kando mpaka wa miguu waishe. Wawili, wawili, wawili, na kila wakitimia kumi mstari mmoja wa chaki. Alizungumza nao. Kwa miaka ishirini na tisa amezungumza na umati kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na hakuona sababu ya kuibadilisha kwa ajili ya plastiki. "Pita baba. Usisimame hapo, nenda mbele, mbele kuna nafasi. Mama, shika kikapu chako. Taratibu, feri ni yenu nyote."

Katikati ya kazi hiyo Velma alimletea chakula, akaweka sinia juu ya theluji, upande wa mashariki, akasimama kutazama.

"Mwenzangu, huli?"

"Nitakula. Abiria wako njiani."

Velma alisubiri hadi Mwanamkasi akala vijiko vitatu vya wali akiwa amesimama, mkono mmoja ukiendelea kuvusha, kisha akachukua sinia lake akarudi jikoni.

Wanaume waliporudi, midomo yao iking'aa kwa tui, ng'ambo ya mashariki ilikuwa nyeupe. Mioto ya karatasi nyekundu ilikuwa imebaki, bila mtu hata mmoja. Wachovu walikuwa magharibi, wamejipanga kwa mistari. Mwalimu Kadenge alikaa kwenye kiti cha mtoto na kusimama tena.

"Hii si sawa. Mwamuzi, hii si sawa! Usiku ule hawakuvuka. Kila kitabu kinasema hawakuvuka!"

"Kanuni zinaruhusu," alisema Bwana Abdulghani, akijifuta ndevu.

"Kanuni zinaruhusu, historia je? Shemeji, watu hawa walikataa. Waliambiwa wavuke wakakataa, walikuwa wamechoka!"

"Waliambiwa na nani?" aliuliza Mwanamkasi.

"Na... na maofisa."

"Maofisa walikuwa na filimbi?"

Mwalimu alikaa tena kwenye kiti cha mtoto na kuokota dadu.

Zamu ya tisa dadu ya wachovu ilipotakiwa kurushwa, hakukuwa na wa kumrushia. Zamu ya kumi vikosi vya Mwanamkasi vilivuka kwa nafasi, askari wa miguu kulia, mizinga kushoto. Zamu ya kumi na moja na ya kumi na mbili zilipita hivyohivyo, na Mwalimu aliacha kuimba. Najib alikuwa amebana kofia yake kati ya magoti na kuikunja hadi ikawa kama chapati. Zamu ya kumi na tatu mpiganaji wa mwisho wa Napoleon alikanyaga ng'ambo ya magharibi. Kilichobaki kilikuwa kutamka neno moja. Wafaransa wakisema "nachoma" kabla ya kengele ya kumaliza zamu ya kumi na nne, madaraja huondolewa na ushindi ni wao.

Bwana Abdulghani alikuwa tayari ameshaifunua kalamu. "Mama Jalila, unachoma?"

Mwanamkasi alikuwa akitazama ubao wa chaki.

"Bado," alisema. "Kuna mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Nilipokea mia tatu. Kumi la mwisho halijatimia; waliovuka ni mia mbili na tisini na tisa."

Kisha watu wazima wanne wakaanza kumtafuta mwanamke wa plastiki, maana Mwanamkasi alijua hata ni nani: yule wa kikapu na kitambaa cha kijani. Walitazama chini ya meza, ndani ya vilima, ndani ya mkokoteni wa mikate. Bwana Abdulghani alikung'uta kanzu yake. Mwalimu alivua viatu.

"Mama Jalila, choma," alisema Najib kwa sauti ya chini. "Ameanguka njiani, yuko kwenye pikapu iliyotuleta. Choma."

"Asubuhi alikuwapo. Nimemshika."

"Ni sufuri! Mwamuzi, mwambie, mchovu ni pointi ngapi?"

"Sufuri," alisema Bwana Abdulghani.

"Unamsikia? Sufuri!"

"Sufuri huyo amevuka au hajavuka?"

"Hajavuka."

"Basi mlango wa feri hauinuki."

Kengele ikalia. Zamu ya kumi na nne ilianza, na wa kwanza kucheza alikuwa Mwalimu. Aliwatazama Makozaki wake, akamtazama shemeji yake. Ushindi wa saba ulikuwa vidole vinne tu kutoka pale. Aliwasogeza kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, wakasimama kwenye mdomo wa daraja la kulia. Zilibaki dakika kumi na tano za Wafaransa.

Najib alimkaribia mkewe hadi akawa anaongea na sikio lake. "Chumba," alisema.

"Najua," alisema Mwanamkasi.

Alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale darasani. Tangu Septemba alikuwa amekwisha kukitandika chumba kile kichwani mwake: kitanda upande wa dirisha, beseni la maji ya moto nyuma ya mlango, neti, mkeka wa wageni watakaokuja kumtazama mtoto. Alikitandika tena kwa dakika hizo kumi na tano, akiwa amesimama na mikono nyuma, kizibao kiking'aa. Mara mbili Bwana Abdulghani alimwuliza, mara mbili akasema bado. Mara ya tatu Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, si uchome tu? Nitakubali."

"Mwalimu, ulipokuwa ukipeleka watoto safari, basi liliondoka hesabu ikipungua mmoja?"

Kengele ikalia saa kumi na dakika tano. Bwana Abdulghani aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa mahakama, kwamba madaraja yamesimama, Makozaki wamepita, na Warusi wameshinda. Najib alikwenda dirishani akatazama bembea za watoto.

Hapo ndipo Velma alipoingia akifuta mikono. Katikati ya kiganja chake kilicholowa alisimama mwanamke mwenye kikapu na kitambaa cha kijani.

"Huyu ni wa nani? Nimemkwangua chini ya sinia. Amenata kama gundi. Nusura nimsugue kwa steelwulu."

Najib aliruka kutoka dirishani. "Ametekwa! Mwamuzi, umeona? Ametekwa usiku, na usiku hakuna vita! Mke wa jenerali wa Urusi amemteka abiria wetu!"

"Mimi?" alisema Velma. "Mimi nimeleta chakula!"

"Vanishi ni ya nani?" alipiga kelele Mwalimu. "Amejinatisha mwenyewe kwa vanishi yako!"

"Sinia ni la nani?"

Bwana Abdulghani aliinua mkono, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba alionekana kuufurahia mchezo. Alisoma orodha ya majeshi toka mwanzo hadi mwisho. Alitoa uamuzi akiwa amesimama. Bibi Velma hayumo katika orodha ya Warusi wala ya Wafaransa, kwa hiyo ni nchi isiyofungamana na upande wowote. Mchovu aliyeingia katika nchi hiyo kwa miguu au kwa sinia ni mkimbizi, si mateka. Matokeo yanabaki kama yalivyo. Rufaa hakuna, na je, samaki wamebaki?

Mwanamkasi hakuwa akisikiliza. Alimchukua yule mwanamke kutoka kiganjani mwa Velma, akamfuta maji kwa ncha ya leso, akamweka juu ya theluji palepale sinia lilipokuwa. Akamtembeza hadi kwenye daraja la kulia. Njia ilikuwa imezibwa.

"Mwalimu, sogeza farasi wako kidogo."

"Shemeji, vita vimekwisha."

"Nimesikia. Sogeza."

Mwalimu Kadenge, mshindi mara saba, aliwasogeza Makozaki wake. Mwanamke mwenye kikapu alivuka peke yake, hatua fupifupi, akawekwa mwisho wa mstari wa mwisho. Mwanamkasi alikwenda ubaoni akachora alama iliyobaki. Kisha akainua mkono wa kulia, kiganja juu, kama alivyokuwa akimpa ishara mtu wa mlango wa feri.

Najib aliliinua daraja la kulia, kisha la kushoto, akayafunga kwa gazeti.

Pikapu ya kukodi ilifika gatini saa moja kasorobo, ikapangwa kati ya lori la mchanga na gari la mkaa, na jeshi la Napoleon likavuka bahari kurudi Likoni. Abiria wa miguu walipita pembeni yake. Najib alishikilia kilima cha sponji kifuani.

"Ungesema neno moja tu," alisema baadaye. Hakusema kwa hasira. "Nachoma. Basi."

"Wewe hujawahi kusimama pale mlangoni, Baba Jalila."

"Na mtoto wetu tutamwambia nini?"

"Nitamwambia mimi."

Alimpigia simu Jalila palepale, feri ikiwa bado katikati ya maji, akamweleza yote, wachovu, vanishi na sinia. Jalila aliuliza kama yule mwanamke alipatikana. Mama yake alisema amepatikana. "Haya, mama," alisema Jalila, na ikasikika kwamba analia kidogo, au anacheka, mawasiliano si mazuri pale katikati. Simu ya pili ilikwenda Mtongwe kwa Mwanarusi, dada yake Mwanamkasi, ambaye watoto wake wameondoka wote na ana chumba kitupu chenye dirisha. Mwanarusi aliuliza swali moja tu, kama Najib naye anakuja. Akaambiwa haji.

Jalila anafika Jumapili, tarehe 8 Desemba. Siku hiyo Mwanamkasi atahamia Mtongwe pamoja naye, na atakaa huko mpaka siku ya arobaini ya mtoto. Najib atabaki nyumbani na jeshi, na atajipikia mwenyewe.